Auntie, Nivukishe

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Kawangware 46 bado ina kiza. Taa za matatu zinamulika vumbi, makanga wanapiga ubavu wa magari kwa viganja wakiita abiria wa mjini, mama wa mandazi ameshaepua karai la pili. Ukisimama ukingoni kungoja nafasi ya kuvuka, mara utahisi vidole vimeshika upindo wa koti lako. Ukitazama chini unamkuta mtoto wa miaka sita au saba, begi limemzidi mgongo, humjui naye hakujui. Anakwambia maneno mawili: "Auntie, nivukishe."

Kamusi ingetosheka na "nivushe", lakini watoto wa Nairobi wamelirefusha neno, nami naliacha hivyo walivyolirefusha. Nimelisikia karibu kila siku ya shule tangu 2016, nilipoanza kufundisha huku. Miaka mingi kabla ya hapo nililisema mwenyewe, kwenye barabara nyingine, upande wa Kibera.

Kila nikilisikia linanichoma. Mtoto huyu amefundishwa nyumbani asipokee peremende ya mtu asiyemjua, asiingie nyumba ya watu, akiitwa na mgeni akimbie. Hayo yote anayakumbuka. Na bado akifika ukingo wa lami anamkabidhi mgeni mkono wake, kwa sababu kati ya mgeni na barabara, kinachomtisha zaidi ni barabara.

Nilikulia Makina, huko huko Kibera. Mama alikuwa akifanya vibarua vya kufua Lavington na Kileleshwa. Alitoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri akaenda kwa miguu, maana nauli ingekula sehemu kubwa ya kile alichokwenda kutafuta. Shule yangu ya kwanza ilikuwa ya mabati, ndani ya mtaa, na njia ya kuifikia ilikuwa kichochoro ambacho hata mkokoteni ulipita kwa taabu. Hatari zetu zilikuwa mtaro wa maji machafu na reli. Hiyo reli hatukuiogopa sana: gari moshi lina njia yake, halihami, na hupiga honi tangu mbali.

Januari 2003 serikali mpya ya Mwai Kibaki ikafuta karo katika shule za msingi za umma. Sidhani kama kuna mtoto wa Kibera wa rika langu asiyeikumbuka wiki ile. Wazazi walijaa malangoni mwa shule za serikali tangu usiku, wamewashika watoto mikono, wamebeba vyeti vya kuzaliwa ndani ya mifuko ya nailoni. Mimi niliandikishwa darasa la tatu, mdogo wangu darasa la kwanza. Tulikuwa zaidi ya mia darasani, wanne kwenye dawati la wawili, na tulifurahi. Karo iliondoka. Barabara iliyokuwa kati ya nyumba zetu na lango la shule ilibaki vilevile, na sasa waliohitaji kuivuka kila asubuhi walikuwa wengi mno. Hapakuwa na tuta, hapakuwa na milia, hapakuwa na njia ya miguu. Lango lilifunguka moja kwa moja barabarani, kiasi kwamba mtoto aliyekuwa akisukumana na wenzake langoni alitua kwenye lami.

Mama aliniachia agizo moja kila alfajiri, akiwa mlangoni na beseni lake kwapani: "Usimwachilie mkono." Nilikuwa na miaka tisa, mdogo wangu sita. Nilimshika mpaka kiganja kikatota jasho.

Shuleni tulipewa uji, na kila mtoto alikuja na kikombe chake. Cha mdogo wangu kilikuwa cha plastiki, kijani, kimefungwa kwenye begi kwa uzi wa kushonea viatu. Asubuhi moja ya muhula wa pili, tukiwa katikati ya barabara, uzi ulikatika. Kikombe kilianguka, kikabingirika kurudi tulikotoka. Mkono wake ulichomoka kwenye wangu kama kipande cha sabuni.

Breki nilizisikia baada ya kishindo. Ilikuwa pikapu nyeupe. Mdogo wangu alikuwa amelala ubavu, hakulia, na paja lake lilikuwa limepinda mahali ambapo hapana goti. Dereva alishuka akitetemeka, akambeba yeye mwenyewe, akamlaza kwenye kiti cha mbele. Mimi nilipandishwa nyuma. Tulipofika hospitalini ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa nimekiokota kile kikombe, na kwamba hakikuwa na ufa.

Alilala hospitalini wiki sita, mguu umening'inizwa kwa kamba na vyuma vya uzito. Alipona. Leo ana kibanda cha kutengeneza simu, ana mke na mtoto, na mvua za Aprili zikianza huwa anachechemea kidogo. Namshukuru Mungu kwa hilo kila ninapomwona. Lakini ninachotaka kukieleza hapa ni maneno yaliyosemwa katika zile wiki sita.

Ofisa aliyekuja kuandika maelezo aliniuliza: "Nani alimwachilia mwenzake mkono?" Mwalimu aliniuliza vivyo hivyo, kwa upole. Jirani zetu walikuja kumpa mama pole, na kila aliyekaa kwenye kile kiti chetu cha mbao alisema kwa sauti ya kufariji: "Ajali haina kinga." Basi usiku nilikuwa nikilala na mambo mawili yasiyopatana. Upande mmoja, lililotokea lilikuwa limeandikwa, hakuna ambaye angelizuia. Upande wa pili, lilikuwa kosa langu. Katika watu wote wale, hakuna aliyeuliza pikapu ilikuwa ikienda mwendo gani. Hakuna aliyeuliza kwa nini lango lilifunguka barabarani, au kwa nini barabara inayovukwa na mamia ya watoto haikuwa na hata tuta moja. Watu wazima walimtafuta mkosaji wakamwona mtoto wa miaka tisa.

Neno lenyewe lina historia yake. Ajali tumelipata kwa Kiarabu, na huko asili yake ni muda uliowekwa, saa ya mtu iliyoandikwa. Katika Kiswahili limebeba mizigo yote miwili, majaaliwa na mgongano wa magari, na sisi tumezoea kuutwika wa pili juu ya wa kwanza. Mimi ni mtu wa dini na sina ugomvi na majaaliwa. Ninachokataa ni kumsingizia Mungu tuta ambalo halikujengwa.

Mwaka uliofuata zikaja kanuni za Waziri John Michuki: matatu zote zifunge mikanda, ziwe na vidhibiti mwendo visivyoruhusu kupita kilomita 80 kwa saa. Nchi nzima ilishangilia, na ilistahili kushangilia, maana abiria walikuwa wakiangamia. Lakini hata kwa akili yangu ya utoto niliona kwamba mkanda ni wa aliye ndani. Aliye nje, mwenye begi na kikombe, hakufungiwa chochote, na hiyo kilomita 80 iliyowekwa iwe kikomo ingemuua mara mbili.

Nilipopata kazi ya ualimu Kawangware, katika shule ndogo ya watu binafsi iliyojengwa kwa mabati na mawe, nilidhani naingia mahali pageni. Wiki ya kwanza tu nilikuta lango lile lile. Shule nyingine, mtaa mwingine, lango lile lile linalofungukia magari. Mwalimu mkuu wetu, mama mtaratibu aliyeianzisha shule sebuleni kwake, aliniambia kwamba pale ndipo mahali pekee ambapo malori ya maji na kuni yangeweza kuingia. Sikumlaumu. Lango hujengwa kwa ajili ya kinachoingia na gari, na watoto hupita humo kwa kuwa hawana pengine.

Nilianza kusimama barabarani asubuhi na mchana, nikiwa na bendera: kipande cha leso nyekundu nilichokifunga kwenye mpini wa mopu. Yapo mambo ambayo sikufundishwa chuoni, bendera ile ikanifundisha.

La kwanza nililipata siku kamba ya kiatu cha mtoto mmoja ilipofunguka. Nilipiga goti pale ukingoni nimfungie, kisha nikainua macho nitazame kama magari yamepungua. Sikuona gari. Niliona gunia la makaa, gurudumu la mkokoteni wa mitungi ya maji, ubavu wa matatu iliyoegeshwa, na miguu ya watu. Barabara nzima, ile niliyokuwa nikiiona vizuri sekunde moja kabla, ilikuwa imepotea. Nilibaki nimepiga goti mpaka mtoto akaniuliza, "Teacher, umeumia?" Kila siku nilikuwa nikiwaambia tazameni kulia, kushoto, kisha kulia tena. Walikuwa wakitii. Walikuwa wakitazama kulia wakaona gunia.

Baadaye nilisoma habari za mwanasaikolojia wa Uswidi, Stina Sandels, aliyewachunguza watoto barabarani katika miaka ya 1960. Alionyesha kwamba mtoto mdogo hawezi kukadiria mwendo wa gari linalomjia, hutatanika kujua sauti inatoka upande gani, na akivutwa na kitu kimoja vingine vyote humtoka akilini. Huo si utundu. Ni umri, na hauponi kwa viboko wala kwa nyimbo. Uwezo wa kuhimili barabara yenye magari mengi huanza kukomaa akikaribia miaka kumi na kuendelea. Nilipoyasoma hayo nilimkumbuka mtoto wa miaka sita aliyekiona kikombe chake na asione pikapu, nikamkumbuka na yule wa miaka tisa aliyekabidhiwa kumlinda.

La pili linahusu wema wa madereva, na nalisema kwa uangalifu kwa sababu wema huo ni wa kweli. Dereva mmoja wa matatu za 46 alikuwa akituona kila asubuhi, naye alikuwa na tabia ya kusimama mwenyewe na kuwapungia watoto mkono wapite. Nilimpenda kwa hilo. Siku moja alisimama, akapunga, na msichana wa darasa la pili akatoka mbio mbele ya matatu kabla sijamfikia. Nyuma ya matatu kulikuwa na bodaboda. Mwendeshaji aliona gari limesimama tu, hakujua kwa nini, akalipita kwa upande wa kulia. Usukani wa pikipiki ulinasa mkanda wa begi la yule msichana, ukaukata, na vitabu vyake vikatawanyika hadi upande wa pili. Yeye alibaki amesimama, mzima, akitazama daftari la hesabu likikanyagwa na magari. Inchi chache. Tangu siku hiyo hatuvushi kwa mkono wa dereva mmoja. Tunangoja mpaka upande mzima usimame, mimi natangulia kupita mbele ya gari lililosimama, nachungulia pembeni yake, ndipo watoto wanafuata. Kama wewe ni mzazi, mfundishe mwanao hilo hata kabla ya kulia na kushoto: gari jema likisimama, nyuma yake kunaweza kuwa na jingine.

La tatu lilikuja na lami.

Kijia kinachopita mbele ya shule yetu kilikuwa cha murramu, mashimo matupu. Mvua ikinyesha matope yalifika kwenye vifundo. Tulilalamika miaka na miaka, na siku katapila lilipofika watu walitoka nje kupiga picha. Lami ilipokauka, nilihesabu siku nne. Ya nne nilisikia, kwa mara ya kwanza mbele ya darasa langu, injini ya gari linalobadilisha gia kwenda juu. Yale mashimo tuliyoyachukia yalikuwa ndiyo matuta yetu. Wahandisi waliyaziba, wakasawazisha, wakaondoka. Hakuna aliyetuuliza ni nani hupita pale saa moja kasorobo.

Siku hizo nilikuwa nafundisha hesabu darasa la sita, basi nikaifanya barabara kuwa somo. Tulipima upana kwa hatua na kwa kamba. Tulitumia saa ya simu yangu kupima muda ambao watoto wa darasa la kwanza, wameshikana mikono, wanavuka: sekunde tisa. Sheria ya Trafiki ya Kenya inaruhusu kilomita 50 kwa saa mjini. Darasa lilipiga hesabu. Kwa mwendo huo gari linakwenda karibu mita 14 kila sekunde, kwa hiyo katika sekunde tisa linakuwa limetoka mita 125 mbali, kule kwenye kona ambako mtoto halioni. Kisha tukapiga hesabu ya breki. Dereva wa kilomita 30 kwa saa anayemwona mtoto mita 15 mbele yake anaweza kusimama. Yule wa 50, mpaka akili ishtuke na mguu ufike kwenye breki, mita 14 zimekwisha. Gari linakuwa halijaanza hata kupunguza mwendo. Mvulana mmoja aliweka kalamu chini akasema, "Kwa hivyo, teacher, anafuata sheria na bado anatugonga." Nilimwambia ndiyo.

Ndiyo maana mikutano ya dunia kuhusu usalama barabarani, ule wa Stockholm wa Februari 2020 mmojawapo, imetaka kikomo cha kilomita 30 mahali ambapo magari na watu wa miguu huchanganyika. Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba barabara huua watu karibu milioni 1.19 kwa mwaka, na kwa watu wa miaka 5 hadi 29 hakuna kinachoua kuliko barabara. Hapa kwetu mamlaka ya usalama barabarani, NTSA, iliandika vifo zaidi ya 4,700 mwaka 2024, na kama kila mwaka, waenda kwa miguu ndio kundi kubwa la waliokufa. Safari nne hivi kati ya kila kumi jijini Nairobi ni za miguu. Mwaka 2015 serikali ya kaunti ilipitisha sera ya kutenga angalau asilimia 20 ya bajeti ya usafiri kwa wanaotembea na waendesha baiskeli. Nimeitafuta hiyo asilimia 20 kwa macho yangu kutoka 46 hadi Gatina, na ninakualika uje tuitafute pamoja.

Tulianza wenyewe. Baba mmoja mwenye mkokoteni alileta udongo na kokoto, vijana wa steji wakashindilia, na usiku mmoja tukapata tuta. Lilidumu hadi mvua ya Novemba. Tukajenga jingine. Lori la mchanga lililivunja. Nikaamua kwenda ofisini.

Hapa ni lazima mtu ajue kwanza barabara ni ya nani. Sheria ya Barabara ya 2007 iliunda mamlaka mbalimbali za kitaifa, kisha Katiba ya 2010 ikaleta kaunti na barabara zake. Mtoto havuki mamlaka, anavuka barabara, lakini barua yake lazima ipate mwenyewe. Ofisi ya kwanza iliniambia barabara si yao. Ya pili iliniambia ni ya ile ya kwanza. Ya tatu ilinitaka nilete barua ya chifu, ya nne ikataka takwimu za waliogongwa. Niliuliza wangapi wanatosha. Bwana aliyekuwa mezani alinyamaza, kisha akaigonga muhuri ile barua bila kusema neno. Nadhani naye ana watoto. Baada ya miezi kumi na mmoja tulipata matuta mawili ya lami, moja limepakwa milia.

Lango tulilihamisha bila barua. Nilikuwa nimesoma kuhusu shirika la Amend lililofanya kazi hiyo Dar es Salaam, katika shule ambazo watoto wao walikuwa wakigongwa zaidi. Walikuwa wakitembea na watoto njia nzima kutoka nyumbani, wanaona mahali wanapovukia hasa, kisha wanaweka tuta, njia ya miguu, nguzo za kuzuia magari kupanda ukingoni, milia, na mahali pengine wanahamisha lango tu likafungukie uchochoro. Ni vitu vya bei ya chini. Uchunguzi uliofanywa huko ulionyesha majeruhi wamepungua kwa zaidi ya robo, na mwaka 2019 mpango huo ulipewa tuzo ya WRI Ross ya dola 250,000, ukiipiku miradi ya miji mingine ya dunia. Nilimpelekea mwalimu mkuu habari ile. Alizunguka ua mzima akitazama mabati. Upande wa nyuma kuna kijia kisichopitika na gari. Fundi alichukua siku mbili, wazazi walichanga shilingi hamsini hamsini. Lori la maji bado linatumia lango kubwa. Watoto hawalitumii tena. Nilimwambia mdogo wangu kwa simu. Alinyamaza kidogo kisha akaniuliza, "Siku mbili tu?"

Kuna watu wema wanaoniambia kwamba dawa ni wazazi kuwasindikiza watoto wao. Nawajibu kwa heshima kwamba hawajawahi kusimama 46 saa kumi na moja alfajiri. Wakati huo barabara imejaa mama na baba wanaotembea kwenda Industrial Area, kwenda Westlands, kwenda kufua kama mama yangu. Wakichelewa nusu saa kibarua kimechukuliwa na mwingine. Anayebaki kumsindikiza mtoto wa miaka sita ni wa miaka tisa. Mzazi ambaye amejinyima akampa mwanao kikombe, begi, sare na maneno ya mwisho mlangoni, amefanya zamu yake. Barabara nayo inapaswa kuwa imejengwa kwa kudhani kwamba uzi unaweza kukatika.

Wengine wanataka madaraja ya juu. Kwa barabara kama Thika, yenye njia nane, au Southern Bypass iliyopita chini ya Kibera, sawa, yanahitajika, na yaje mengi zaidi. Lakini kwenye barabara ya mtaani daraja ni njia ya kumwambia mtoto apande ngazi ili gari lisipunguze mwendo. Uliza nani anayepewa kazi ngumu. Kibera tuliliona hilo kwa ukubwa zaidi Julai 2018, matingatinga yalipopita kati ya mtaa kufungua barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Nyumba zilikwenda, na shule kadhaa zikaenda nazo. Watoto wakatawanyika kutafuta madarasa kwingine. Barabara ilipewa nafasi ya shule. Sijui namna nyingine ya kulisema.

Huko Uholanzi, mwaka 1971 pekee magari yaliua watoto zaidi ya 400. Mwandishi wa habari Vic Langenhoff, ambaye binti yake alikuwa miongoni mwao, aliandika makala yenye kichwa kilichomaanisha "Komesheni Mauaji ya Watoto", na kikawa jina la vuguvugu la wazazi lililofunga mitaa kwa miili yao. Barabara za Uholanzi ambazo leo watalii huzisifu hazikuota zenyewe. Kilichonishika mimi ni jina. Wale wazazi walikataa kuiita ajali.

Mama yangu sasa ni mtu mzima, yuko kijijini. Desemba iliyopita nilimwuliza, baada ya miaka zaidi ya ishirini, kama aliwahi kunilaumu. Alikuwa akichambua mboga, hakuinua macho. "Nilijilaumu mimi," akasema. "Ule uzi ulikuwa umechakaa, niliuona jana yake." Kumbe tulikuwa wawili. Kila mmoja amekesha peke yake na kosa ambalo halikuwa la yeyote wetu, huku barabara ile ikiendelea kupitisha magari.

Tangu lango letu lihamishwe na matuta yale mawili yajengwe, hakuna mwanafunzi wetu aliyegongwa mbele ya shule. Njia kubwa, pale steji, bado. Pale tunahitaji tuta la tatu. Barua imegongwa muhuri na nakala ninayo. Wakati tunangoja, tuko pale kila siku ya shule kuanzia saa kumi na mbili na robo hadi saa moja na nusu, mimi na walimu wawili na yule baba wa mkokoteni. Kama unaishi karibu na 46 na asubuhi yako ina nusu saa, njoo. Kuna bendera ya pili, na haina mtu wa kuishika siku za Alhamisi.